Marufuku Hapa, Ruhusa Wapi?



Tarehe 1 Julai 2020 mji wa Arua ulipandishwa cheo ukawa jiji, pamoja na Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal. Sehemu za zamani za Arua Hill na River Oli zikaingia katika tarafa ya kati, na Ayivu, yenye mashamba yake ya mihogo na mitama, ikatiwa ndani ya mpaka wa jiji. Watu waliolala wakulima waliamka wakaazi wa jiji, na jembe lingali pale pale nyuma ya mlango.

Sisi tufundishao Kiswahili huku Ajia, Arua na Koboko hatuna ugomvi na jiji. Tunao ugomvi na maana ambayo wakubwa wetu wamelipa neno hilo. Kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba "jiji" ni ukubwa wa "mji", kama vile "jumba" lilivyo ukubwa wa "nyumba". Lakini kila mwalimu wa sarufi anajua pia kwamba ukubwa katika Kiswahili una njia mbili. Waweza kuwa ukubwa wa sifa, na waweza kuwa ukubwa wa kutisha au wa kudharauliwa, kama katika "jitu" na "joka". Basi swali letu ni jepesi: jiji hili tunalolijenga, je, ni mji uliokomaa, au ni mji uliovimba tu?

Tuanze na jambo tulilolishuhudia wenyewe. Tuliwachukua wanafunzi wetu wa kidato cha pili kutoka Ajia tukaenda nao Arua, wakiwa na daftari na kalamu, ili waokote maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa mjini. Walizunguka sokoni, kituo cha magari, na barabara zile mpya zenye taa. Waliyasikia maneno mengi mno ya Kiswahili yakisemwa, maana madereva wa malori, wachuuzi watokao Ariwara na wanunuzi watokao Sudan Kusini hawana lugha nyingine ya kupatanisha bei. Lakini maneno yaliyoandikwa yalikuwa haba. Mbali na methali zilizopakwa rangi nyuma ya malori, sentensi iliyorudi katika daftari nyingi ilikuwa moja: "Usikojoe hapa." Darasani tuliichambua: kikanushi, nafsi, shina la kitenzi, kielezi. Ndipo binti mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, ikiwa ni marufuku hapa, ruhusa ni wapi?"

Hatukuwa na jibu. Katika mtaa ule hapakuwa na choo cha umma ambacho mtoto asiye na fedha mkononi angeweza kuingia. Tukatambua kwamba binti yule, kwa swali moja, alikuwa amesema yote yanayohitaji kusemwa juu ya miji yetu. Miji yetu inajua kukataza, ila haijajifunza kuonyesha njia. Usitupe taka, lakini pipa halipo. Usiuze kando ya barabara, lakini kizimba sokoni kina wenyewe. Usijenge bondeni, lakini kiwanja cha mlimani bei yake haisemeki. Usikate mti, lakini cha kupikia ni nini?

Wako wasemao kwamba uchafu wa miji ni tabia ya watu, na kwamba mwananchi wa Afrika hana ustaarabu wa kukaa mjini. Maneno haya tumeyasikia hata vinywani mwa watu waliosoma. Sisi twayakataa, na tutatoa ushahidi.

Tuutazame mfuko wa plastiki, ambao sisi sote hapa Uganda huuita kaveera. Zanzibar iliupiga marufuku mwaka 2006. Rwanda ikafuata mwaka 2008. Kenya iliupiga marufuku mwezi Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Uganda nayo haikukosa sheria: ilitunga katazo mwaka 2009, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 ikarudia kuikataza mifuko myembamba. Hata hivyo, mwendee mama auzaye nyanya Arua ukanunue za shilingi elfu moja, uone zitatiwa katika nini. Je, mtu wa Kigali amezaliwa na damu nyingine? Je, mtu wa Mombasa ana mkono usiojua kutupa? Sivyo hata kidogo. Huko katazo lilimfikia atengenezaye na auzaye kwa jumla. Huku katazo limeachwa lining'inie hewani, kisha lawama ikatuliwa kichwani pa yule mama wa nyanya, ambaye hajawahi kumiliki kiwanda hata siku moja. Na alipoanza kuuza hakuanza na kaveera. Kabla ya plastiki tulikuwa na vikapu, na majani ya migomba, na vibuyu. Ustaarabu alikuwa nao. Waliomwuzia plastiki ndio waliomnyang'anya.

Na mwisho wa kaveera ni nini? Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la taka la Kiteezi nje kidogo ya Kampala liliporomoka likafunika nyumba na waliokuwamo. Watu zaidi ya 30 walikufa. Jaa lile lilifunguliwa mwaka 1996, na kwa miaka mingi ilikuwa ikisemwa waziwazi kwamba limejaa. Waliozikwa na taka hawakuwa ndio waliozizalisha. Walikuwa majirani wa jaa, na maskini waliokuwa wakiokota chupa na vyuma ili wale. Mji wenye fedha uliwatupia taka zake, kisha taka zikawaua. Tunaliandika jambo hili kwa sababu Arua na Koboko zingali changa. Kampala ilichelewa kujifunza. Sisi tumekwisha kuonyeshwa, na aliyeonyeshwa shimo akatumbukia hana wa kumlilia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Kiteezi hata ukuta haukujengwa.

Taka za soko letu nyingi ni maganda ya mihogo, majani ya kabichi, maganda ya ndizi na mabua ya mahindi. Kilicho taka Arua ni mbolea Ajia. Mashamba yetu yamechoka, na mbolea ya dukani ina bei. Lakini kutoka mjini hatujapata kuona lori likija vijijini limebeba mboji, na kila siku tunaona malori yakitoka vijijini yamebeba makaa. Kijiji chatoa chakula, chatoa kuni, chatoa mchanga wa kujengea, chatoa vijana. Mji hurudisha plastiki. Uhusiano wa namna hii hauitwi maendeleo. Ukitaka jina lake sahihi katika Kiswahili, ni unyonyaji.

Tuendelee hadi mtoni. Mto Enyau ndio unaoinywesha Arua. Kanuni za nchi za mwaka 2000 zinaamuru kwamba kando ya mito paachwe nafasi isiyolimwa wala kujengwa, mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mingineyo. Twamwomba msomaji aende mwenyewe akapime, wala hahitaji kamba ya mpimaji, hatua zake zatosha. Ataona matanuri ya matofali, bustani za mboga zilizofika hadi majini, na pikipiki za bodaboda zikioshwa mkondoni. Kiangazi kinapokuwa kikali maji hupungua, madumu ya njano hupangwa foleni, na mtu wa kwanza kuamka usiku kuyafuata ni msichana, yule yule tunayemwuliza asubuhi kwa nini amechelewa kufika darasani. Kwa hiyo, mwalimu aonaye kwamba mambo ya mto hayamhusu, na aitazame daftari yake ya mahudhurio.

Wako wengine wasemao kwamba miti ya West Nile imemalizwa na wakimbizi. Hoja hii inapendeza kwa sababu inamlaumu asiyekuwa na kura. Ni kweli kwamba baada ya vita kuzuka Sudan Kusini Desemba 2013, na tena Julai 2016, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuja kwetu. Kwamba Bidi Bidi, iliyofunguliwa Yumbe mwaka 2016, ilikuwa baada ya muda mfupi mojawapo ya makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Na kwamba Rhino Camp na Imvepi nazo zilijaa. Watu wakija wanapika, na wakipika wanahitaji kuni. Lakini je, aliyekata miti ya kukaushia tumbaku katika nchi hii tangu enzi za ukoloni alikuwa mkimbizi? Anayechoma matofali ya majumba ya jiji ni mkimbizi? Mabepari wanaopakia makaa usiku, hata baada ya amri ya Rais ya mwaka 2023 iliyozuia makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda, ni wakimbizi? Na tusisahau historia yetu. Baada ya serikali kuangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu, nao walikata kuni katika misitu ya wenyeji wao. Wengine wetu tulijifunza Kiswahili huko huko, tukiwa watoto, katika foleni ya chakula. Aliyepata kuwa mgeni hapaswi kumtupia mgeni mawe.

Msitu wa Barifa, ulioko ubavuni mwa Arua, umekuwa ukizozaniwa kwa miaka mingi. Kila anayekitafuta kiwanja huutazama kama ardhi iliyo wazi. Ardhi yenye miti si ardhi iliyo wazi. Ni ardhi iliyokwisha kuajiriwa, inashika maji, inapoza hewa, inampa mpita njia kivuli. Katika shule moja tunayoijua, mwembe uliokuwa darasa la wazi la miaka mingi ulikatwa ili pajengwe ukuta wa matofali, na ukuta ukasifiwa katika hotuba kuwa ni maendeleo. Tangu siku hiyo wanafunzi wa shule ile husomea juani au hawasomi. Tunauliza, je, ukuta huo unafundisha somo gani?

Sasa tuwageukie wachuuzi. Kila mgeni mkubwa anapotazamiwa, wachuuzi hufagiliwa. Meza hupinduliwa, sambusa humwagwa mitaroni, mama mwenye mtoto mgongoni hukimbizwa kama mwizi. Wafanyao hivi hudai wanausafisha mji. Lakini mji husafishwa taka, hausafishwi watu. Yule mama anamlisha mjenzi, mwendesha bodaboda, karani na mwalimu kwa bei wanayoimudu. Mwondoe, na mji mzima utalala njaa kabla jua halijatua. Barabara za lami tulizojengewa katika miaka ya karibuni ni nzuri, na taa zake za mwanga wa jua zimewawezesha wanawake kuuza hadi usiku bila hofu. Tunashukuru kwa hayo. Lakini aliyeichora barabara aliikumbuka gari akalisahau jiko la chapati. Angaliweka upana wa hatua tatu kando ya njia, wenye paa na mahali pa kunawia, mabishano yote haya yangalikwisha.

Na katika jambo hili hatuna haja ya kwenda kujifunza Ulaya. Waswahili wa pwani walijenga miji kabla ya motokaa haijaundwa. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika Lamu, njia zilifanywa nyembamba ili nyumba zitiliane kivuli, na mbele ya nyumba pakajengwa baraza, yaani kiti cha mawe kilichounganishwa na ukuta. Baraza lilikuwa mali ya mwenye nyumba na kiti cha kila apitaye. Hapo palisomwa barua, paliuzwa kahawa, pakasuluhishwa ugomvi. Hatusemi kwamba miji ile ilikuwa pepo, kwani ilijengwa pia na mikono ya watumwa, na hilo lazima lifundishwe pamoja na uzuri wa milango. Tunasema tu kwamba wazo la mji wenye nafasi ya mtu asiye na kitu si geni katika lugha tunayoifundisha. Limo ndani ya neno "baraza", ambalo leo serikali zetu zimelichukua kuwa jina la mikutano ya mawaziri. Wamelichukua neno wakaacha kiti.

Hapa tunafika kwenye lugha, na hapa ndipo tutakapolaumiwa. Tutaambiwa, "Ninyi ni walimu wa Kiswahili, shughulikieni ngeli na vitenzi, mambo ya mitaro waachieni wahandisi." Wengine watasema kwa ukali zaidi kwamba Kiswahili katika Uganda ni lugha ya bunduki. Tusiukwepe ukweli. Aliyekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 alikuwa Idi Amin, mtu wa upande wetu huu, na kwa watu wengi wa kusini neno la kwanza la Kiswahili walilolisikia lilikuwa amri ya askari kizuizini. "Toa!" "Lala chini!" "Kimbia!" Lugha ilinajisiwa. Lakini lugha iliyonajisiwa haioshwi kwa kufungiwa kabatini. Huoshwa kwa kazi. Mpaka mwananchi aisikie lugha hii ikimwambia pa kupata maji, pa kutupia taka na pa kulalamikia, ataendelea kuisikia kama buti.

Na tazameni: mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, ila kitumike kwa namna Bunge litakavyoweka kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maamuzi mema! Lakini ilani ya mpango wa jiji inapobandikwa ukutani, ikimwita mwananchi alete pingamizi lake katika siku zilizowekwa, inabandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Mama wa nyanya hawezi kuisoma. Siku zinapita, na akisha kuvunjiwa kibanda huambiwa, "Ulipewa nafasi ya kusema." Huu ni ulaghai uliovaa tai. Mji hauwezi kudumu ikiwa wakaao ndani yake hawaelewi yanayoamuliwa juu yao. Siku hizi kila mradi unaitwa "endelevu". Neno hili limetokana na kitenzi "kuendelea", nacho kina mtendaji. Tunauliza, nani anaendelea, na nani anaachwa nyuma?

Kwa hiyo twasema yafuatayo, na tunayasema bila kunong'ona.

Tunataka kila ilani ya halmashauri za Arua na Koboko iandikwe kwa Kilugbara au Kikakwa na kwa Kiswahili, bega kwa bega na Kiingereza, na isomwe kwa sauti sokoni siku ya gulio. Tunataka kila katazo liambatane na maelekezo, yaani penye "usitupe hapa" paandikwe "tupa pale", na hapo "pale" pawepo kweli. Tunataka taka za mboga zitengwe sokoni na kurudi mashambani zikiwa mboji. Tunataka kando ya Enyau paachwe kama kanuni isemavyo, na wafinyanga matofali waonyeshwe mahali pengine kabla hawajafukuzwa. Tunataka mti ukikatwa mjini aliyeukata ataje hadharani ameupanda upi mwingine na wapi.

Lakini kudai peke yake ni kazi rahisi, na sisi walimu tumezoea mno kudai. Tujidai na sisi wenyewe. Ni wangapi kati yetu ambao insha zetu hazijabadilika tangu tulipotoka chuoni: "Siku sitakayoisahau", "Faida za ng'ombe", "Maisha ya mjini ni bora kuliko ya shamba"? Hiyo ya mwisho tunaipenda sana kwa mdahalo, na kila mwaka tunawafundisha watoto kuchagua upande mmoja na kuutukana mwingine, kana kwamba mji haulishwi na shamba na shamba halinunuliwi na mji. Tuibadilishe. Tuwaambie wanafunzi waandike barua rasmi, yenye anwani mbili na mada iliyopigiwa mstari, kwa karani wa mji, wakimwuliza choo cha umma kiko wapi. Watajifunza mtindo wa barua rasmi kuliko walivyopata kujifunza, maana kwa mara ya kwanza barua itakuwa na mtu wa kuipokea. Tuwatume wakaandike majina ya miti ya mtaani mwao kwa Kilugbara, kwa Kikakwa na kwa Kiswahili, kabla miti haijabaki majina tu. Tuwafundishe kuisoma bajeti ya mji kama wanavyolisoma shairi, yaani wakiuliza kila mstari unasema nini na unaficha nini.

Koboko ingali mji mdogo kando ya mipaka mitatu. Barabara ya lami itokayo Vurra kupitia Arua hadi Oraba imeufungulia mlango, na kila mwaka maduka yanasogea mbele hatua chache. Ajia yetu ingali na miembe yake. Hakuna sheria ya maumbile isemayo kwamba lazima sote tupitie Kiteezi ndipo tuitwe watu wa kisasa. Mtoto hukunjwa angali mchanga, na mji vivyo hivyo.

Wenye hoja kinyume na hizi zetu na waziandike. Kurasa hizi ni baraza, na kiti kipo. Ila tunawaomba wasitujibu kwa kutuambia kwamba si mahali petu pa kusema. Katazo hilo tumekwisha kulisoma ukutani. Watuambie kwanza ruhusa ni wapi.